Miteguko Chini ya Miguu ya Mkuu

Mkuu wa Shule alipopanda jukwaani kuwaaga wahitimu wa kidato cha nne, jukwaa lilinguruma. Halikunguruma kama radi, jambo ambalo lingekuwa na heshima yake. Lilinguruma kama tumbo la mtu aliyekosa uji wa asubuhi: gru, kimya, gru-gru, kimya, halafu mlio mmoja mrefu uliopanda mwishoni kana kwamba unauliza swali.

Wazazi wakatazamana. Wanafunzi wakatazama viatu vyao kwa uchaji mkubwa, maana wa kwanza kucheka angesugua masufuria ya bwalo mpaka muhula uishe. Mwalimu Mwambungu, Mkuu wa Shule ya Ukingo, mtu mwenye kifua kipana na hotuba pana zaidi, aliitazama sakafu chini ya viatu vyake, akaisamehe, akafungua karatasi zake.

"Wageni waalikwa," akaanza.

Gru, likajibu jukwaa.

Ghorofa moja juu ya uwanja wa paredi, kwenye dirisha la chumba cha filimbi, Gwantwa Mwaipaja wa kidato cha tatu alikuwa ameuma mkono wa sweta yake mpaka uzi ukaanza kufumuka. Machozi yalimtoka. Alikuwa ameifanyia kazi siku hii tangu wiki ya mitihani, kwa bidii ambayo hakuna somo lililowahi kuipata kutoka kwake, na sasa aliiona kazi yake ikisimama mbele ya umma na kujibu hotuba neno kwa neno. Alijihisi kama mtunzi wa muziki usiku wa onyesho la kwanza, ila tu watunzi wa muziki hawafukuzwi shule.

Yeye alikuwa karibu kufukuzwa. Faili lake lilikuwa na onyo la mwisho la kwanza na onyo la mwisho la pili, na Mkuu alishasema mbele ya walimu wote kwamba Kiswahili hakina neno kwa ajili ya onyo la mwisho la tatu.

Ili uelewe jukwaa la alumini linawezaje kupata njaa, lazima uijue shule yenyewe. Shule ya Ukingo haikujengwa. Ilioteshwa. Mbegu ya fuwele, si kubwa kuliko punje ya mahindi, ilipachikwa kwenye genge la milima ya Livingstone, ikalishwa alumini iliyoyeyushwa na kutiwa zinki na magnesi kidogo, nayo ikakua kuelekea nje juu ya bonde la Kyela: jiko, bwalo, mabweni, maktaba, uwanja wa paredi, daraja. Kwenye sufuria ya kawaida atomi zimejipanga vikosi vikosi, kila kikosi kimeelekea kwake, kama shule siku ya michezo. Hapa kikosi kilikuwa kimoja. Kutoka mlango wa jiko mpaka mlingoti wa bendera mistari ilinyooka bila kuungwa, bila msumari, bila kovu la kuchomelewa. Kwa hiyo shule iliyokaa hewani ilikuwa nyepesi na imara kupita kiasi. Na kwa hiyo pia kosa lolote lililoingia mahali pamoja lingeweza kusafiri kwenda popote.

Mwalimu Anyosisye, aliyefundisha fizikia na kuitunza metali ya shule, alilieleza kosa hilo paredi, juani, kwa kutumia miili ya kidato cha tatu. Aliwapanga mistari, kisha akachomeka mstari mmoja pungufu, ulioanzia mbele na kukatikia katikati. Wa mwisho kwenye mstari ule alikuwa Gwantwa, naye hakuwa na mtu nyuma yake. Mwalimu akawaamuru wa ubavuni wasukume. Gwantwa akamshika aliyekuwa nyuma ya jirani yake, jirani akabaki bila mtu nyuma, naye akashika wa mstari uliofuata, na pengo likatembea mpaka ukingoni ilhali kila mwanafunzi alisogea chini ya hatua moja. "Huo ndio mteguko," Mwalimu alisema. "Si kitu. Ni mpangilio uliokosewa, na unatembea." Metali inapopinda hata kwa kiasi cha unywele, ni miteguko inayotembea ndani yake, elfu kwa maelfu, na atomi za zinki na magnesi ndizo viranja wanaojaribu kuizuia.

Viranja hao wana tabia za viranja. Wanaikamata miteguko na kuishikilia, nayo inarundikana nyuma yao kama wanafunzi mlangoni pa bwalo siku ya pilau. Uzito ukizidi, yote inapenya kwa mkupuo. Viranja wanaifukuza, wanaikamata tena, nayo inapenya tena. Kila mkupuo una mlio wake. Kwenye metali yenye miteguko michache hauusikii. Gwantwa alikuwa ameichukua miteguko ya sakafu ya maktaba, akaiswaga kwa filimbi ya shule kupitia kuta mbili na korido, na kuimwaga yote kwenye jukwaa.

"Tumekusanyika hapa leo," alisema Mkuu.

Gru-gru-gru, likakubali jukwaa.

* * *

Mlango wa chumba cha filimbi ulifunguliwa bila kubishwa.

"Gwantwa."

"Abee, Mwalimu."

"Jukwaa lina nini?"

"Labda njaa, Mwalimu."

Mwalimu Anyosisye hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea daima kama mtu aliyeacha kitu jikoni, na leo alivaa gauni la mahafali lililomfanya atembee hivyo kwa shida zaidi. Alikivuta kisikilizio masikioni, akainamia kioo cha filimbi. Filimbi yenyewe ilikuwa kisanduku cha kushikwa mkononi, kilichobandikwa ukutani kwa sumaku ya umeme. Ilipiga mapigo madogo ndani ya metali, na miteguko ikayafuata mapigo hayo kama bata wanavyofuata mwenye pumba. Kiooni kila mteguko ulionekana kama unywele mmoja mweusi. Jukwaani nywele zilikuwa nyingi.

Akauliza zimetoka wapi. Gwantwa akajibu kwamba ni za maktaba, na akajitetea kwamba alichagua maktaba kwa sababu hakuna anayeikanyaga. Mwalimu alifumba macho kwa muda, labda kwa ajili ya jukwaa, labda kwa ajili ya elimu nchini.

"Ishushe," akasema. "Sasa hivi."

"Kisiginoni, Mwalimu?"

"Wewe shusha tu. Filimbi inaijua njia."

Kisigino kila mwanafunzi alikijua kutoka darasani: kigutu cha alumini kilichoachwa chini kabisa ya shule, pasipo na mtu wala mzigo, ambako miteguko yote iliswagwa. Kigutu hicho hukatwa kila likizo na kupelekwa tanuruni kuyeyushwa, kikaota kingine. Mteguko hauuliwi. Unahamishwa tu, mpaka uyeyushwe. Gwantwa aliifuata kwa kidole kiooni njia ya kushuka, akitaraji kuona mwisho wake, na hakuuona. Kisigino kilikuwa cheusi tii. Njia ilikipita ikageuka, ikaingia kwenye shingo ya daraja la chini.

Daraja la chini ndilo lililounganisha shule na barabara ya bondeni. Wapishi walipita hapo, na wauza ndizi, na asubuhi hii wazazi wote. Hakukuwa na njia nyingine ya kuingia Ukingo, wala ya kutoka. Kiooni shingo yake ilifanana na kichwa cha mtu aliyelala na nywele mbichi.

"Mwalimu, kisigino kimejaa."

"Kilijaa kabla sijaja hapa."

"Si kinakatwa kila likizo?"

Mwalimu Anyosisye alikivua kisikilizio na kuukunja waya wake taratibu, mviringo juu ya mviringo. Alieleza kwa sauti ya chini, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine. Kukikata kikiwa kimeshajaa hivyo kulihitaji shule ifungwe muhula mzima, si likizo tu. Mkuu hakutaka shule iliyofungwa. Wazazi wangewahamisha watoto, matokeo yangeshuka. Aliomba mwaka wa kwanza. Akaomba wa pili. Baadaye akaacha kuomba, akaifundisha filimbi njia nyingine.

"Kwa hiyo yote tunayoswaga, ya mabweni yetu, ya bwalo..."

"Inakwenda darajani. Ndiyo."

"Wazazi wamepita hapo leo na ngoma."

"Na hawakuanguka."

"Tazama sasa, Mwalimu."

Mwalimu akatazama. Ni yeye aliyewafundisha kwamba mteguko ulioshikwa na viranja ncha zote mbili haukai kimya: ukisukumwa unavimba katikati kama kamba ya kuruka, unajizungusha, unazaa mteguko mpya na kubaki pale pale tayari kuzaa mwingine. Akina mama wa bondeni walilivuka daraja wakicheza, na kila kishindo cha mguu kilikuwa leba. Weusi ule haukuwapo alfajiri. Alilijua hilo, na Gwantwa aliona kwamba analijua, kwa sababu mkono wenye waya ulisimama.

"Nitaliangalia kesho," akasema hatimaye.

Nje, kipaza sauti kilimwita. Mkuu alimtaka Mwalimu Anyosisye akae karibu na majina ya wahitimu, kwani angeyahitaji mara tu baada ya maneno machache. Mwalimu alinyoosha gauni lake. Mlangoni aligeuka, na hakumtazama Gwantwa usoni.

"Safisha jukwaa. La jukwaa nitalisahau mimi. La daraja utalisahau wewe."

* * *

Kwa namna fulani ilikuwa zawadi. Abonyeze mshale wa kushuka, jukwaa linyamaze, faili lake libaki na maonyo mawili tu, na kwa mara ya kwanza angemaliza mahafali bila kuitwa ofisini. Miteguko ya maktaba ingejiunga na mingine darajani. Ilikuwa michache, daraja lisingetambua tofauti.

Lakini Gwantwa hakuwa na uwezo wa kukaa tulivu hata misani, na sasa mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza kana kwamba wenyewe umeshaondoka. Alihesabu kwa macho. Hotuba ikiisha, watapewa vyeti, halafu kila mtu atarudi bondeni kula, na watarudi kama walivyokuja ila mara mbili yao: akina mama, wahitimu, ngoma. Watalivuka wakicheza. Shangazi yake Tumwitike atakuwa mbele, maana Shangazi hajawahi kuwa nyuma ya kitu chochote.

Akafikiria kupiga kelele. Alilitupa wazo hilo mara moja. Muhula uliopita, kwenye kipaza sauti cha matangazo kilichokuwa mezani hapo hapo, alitangaza kwamba hisabati imefutwa nchini, na shule nzima ilishangilia mpaka wapishi wakaongeza maharage. Nani angemwamini? Na kama wangemwamini ingekuwa vibaya zaidi. Umati ulioogopa hukimbia, na mahali pa kukimbilia palikuwa pamoja tu.

Kwa hiyo miteguko ililazimika kutoka darajani kabla watu hawajainuka. Iende wapi? Mabweni yalikuwa na watu wa kulala. Bwalo lilikuwa na watu wa kula. Palibaki sehemu moja ya shule ambayo ingeweza kukatika bila kuondoka na kitu kingine: ulimi mwembamba uliotokeza juu ya genge, ulioongezwa msimu mzima baadaye kwa sababu Mkuu alitaka kuhutubia huku Kyela yote ikiwa nyuma yake. Chini yake hapakuwa na nyumba wala shamba, ni mawe na miiba tu, mahali ambapo hata mbuzi walikuwa wamekata tamaa. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko ya daraja. Lilikuwa jalala zuri ajabu. Kasoro yake moja ilikuwa kwamba juu yake alisimama mtu.

Na mtu huyo asingeweza kunyamaza. Ukingoni ilikuwa sheria kupita sheria zote: Mkuu akiwa anasema, hakuna anayeinuka. Hotuba yake ndiyo pekee iliyolilinda daraja. Kwa mara ya kwanza tangu afike shule hiyo, Gwantwa aliomba iendelee. Lakini kadiri ilivyoendelea, kundi lote jeusi la miteguko lingekuwa likipanda kuelekea miguuni pake, na filimbi ikisimamishwa katikati ya njia kundi lingeteleza kurudi lilikotoka. Ama alianze na kulimaliza, ama asilianze.

Lingefika kabla Mkuu hajashuka? Njia ilikuwa ndefu. Huenda lisingefika. Aliitazama ramani kiooni, akaupima mwendo, akaupima tena, na kila alipopima akapata jibu lingine.

Hapa utani uliisha, ingawa uso wake ulikuwa bado haujapata taarifa; kwenye kioo cha dirisha alijiona bado anatabasamu. Aliugeuza mshale juu. Akabonyeza. Nywele za shingo ya daraja zikatikisika, ya kwanza, ya pili, kisha zote, zikaanza kuhama. Gwantwa akatoka mbio.

* * *

Shangazi Tumwitike alikuwa ameketi mbele kabisa chini ya turubai, katikati ya kikundi chake cha ngoma, akijipepea kwa ratiba ya sherehe. Mapajani alikuwa na kikapu cha maandazi na mashada ya karatasi za kung'aa ya kuwatunza wahitimu. Gwantwa alimjia kwa kutambaa nyuma ya viti.

"Wewe mtoto, mbona unatambaa kama jongoo?"

"Shikamoo, Shangazi. Naomba umtunze Mkuu."

"Mkuu amehitimu nini?"

"Mtunze tu. Sasa hivi. Msipande jukwaani hata mguu mmoja. Simameni hapa chini mwimbe mpaka ashuke mwenyewe."

Shangazi aliacha kujipepea. Alimkumbusha mpwa wake, kwa utulivu wa kutisha, kuhusu siku ya wazazi ya mwaka jana, ambapo mpwa huyo alimpelekea habari kwamba kila mzazi aje na jogoo kwa ajili ya mashindano ya kuwika. Alikuja na jogoo. Alikuwa peke yake mwenye jogoo. Jogoo aliwika wakati wa sala. Kwa hiyo angependa kujua kwa nini.

"Nikikwambia utapiga kelele, Shangazi."

"Basi chukua andazi uende zako."

Aliliweka mkononi mwake, bado la moto, lenye iliki. Gwantwa alilitazama na kulirudisha kikapuni. Hakufanya hivyo kwa makusudi. Nyuma yake jukwaa lilinguruma, na mngurumo ulikuwa umebadilika. Vituo kati ya mlio na mlio vilikuwa vifupi.

Shangazi alilitazama andazi. Alimtazama Gwantwa, kisha andazi tena.

"Umekataa andazi," akasema polepole.

Akasimama. Akakipa kikapu cha maandazi kiti chake, akachagua shada kubwa kuliko yote, na kutoka kifuani mwake kikatoka kigelegele kilichoikata hotuba kama kisu kinavyokata sabuni.

Mtu akitunzwa kule bondeni hana ruhusa ya kukaa juu ya wanaomtunza. Awe bwana harusi, awe askofu, hushuka, huinamisha shingo avalishwe, na hucheza na waliomwimbia mpaka wao waridhike. Kukataa ni kuwatukana mama zake wote kwa pamoja. Mkuu alikuwa kwenye jambo la tatu kati ya mambo saba. Aliinua mkono kuomba subira, akina mama wakaongeza sauti. Alitabasamu, akatazama karatasi zake, akaona aibu. Jukwaa sasa lililia kwa mfululizo mkavu, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini vigelegele vililifunika. Gwantwa peke yake ndiye aliyelisikia. Alisimama nyuma ya nguzo ya turubai, kucha zikiwa zimezama viganjani, akisema kimoyomoyo shuka, shuka, shuka.

Mkuu aliziacha karatasi kwenye meza ya jukwaa, akashuka.

Ndipo shule ikagundua kwamba Mwalimu Mwambungu ana kiuno. Hata viranja walisahau kuandika majina ya waliopiga mbinja. Gwantwa hakuliona hilo, jambo alilolijutia maisha yake yote. Alikuwa akipanda ngazi mbili mbili kurudi chumba cha filimbi. Kiooni shingo ya daraja ilikuwa nyeupe kama karatasi. Unywele wa mwisho ulipita chini ya bwalo, ukapanda, ukaingia kwenye shingo ya jukwaa na kupotea ndani ya weusi ambao haukuwa tena nywele bali giza.

Alipumua. Kisha ngoma ikanyamaza, na kwa dirisha akamwona Mkuu, shada shingoni, jasho usoni, furaha tele, akielekea jukwaani.

"Sasa," alisema, "jambo la nne."

* * *

Gwantwa alishika kipaza sauti cha matangazo.

"Mkuu, usipande."

Sauti yake ilijaza uwanja, na wanafunzi waliitambua, wakaangua kicheko walichokibana tangu asubuhi. Mkuu alitazama juu dirishani bila haraka.

"Gwantwa Mwaipaja. Uje ofisini baada ya hotuba."

"Baada ya hotuba hutakuwa na jukwaa, Mkuu. Jukwaa hilo nimeliua mimi."

Wakacheka zaidi. Wazazi nao wakaanza kucheka, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Mkuu akatikisa kichwa na kuweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Gwantwa akakivua kisikilizio na kukikandamiza kwenye kipaza sauti.

Uwanja wote ukaisikia metali. Haikuwa tena tumbo la mtu. Ulikuwa mlio wa kitu kinachopasuka vipande vidogo vidogo, bila kupumzika, karibu mno, kana kwamba kinapasuka ndani ya kichwa cha kila aliyesikia. Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, kuanzia mbele. Mkuu alibaki na mguu mmoja ngazini. Aliitazama sakafu ya jukwaa. Kisha akamtafuta kwa macho mtu pekee aliyejua mlio huo ni wa nini.

Mwalimu Anyosisye alikuwa amekaa pembeni na karatasi ya majina. Kutoka dirishani Gwantwa aliona jinsi ilivyo rahisi. Angesema tu kwamba ni mzaha wa kipaza sauti, na wote wangeafiki, maana wote walitaka uwe mzaha. Mwalimu aliiweka karatasi chini ya kiti chake, akasimama.

"Toa mguu, Mkuu. Anasema kweli."

Mkuu akautoa.

Gwantwa alikuwa ametegemea kishindo. Kulikuwa na mlio mdogo tu, kisha ulimi ule ukainama, taratibu, kama biskuti iliyozidi kukaa kwenye chai, ukakatika. Karatasi za hotuba zilipaa. Jambo la nne mpaka la saba yalielea kwa utukufu juu ya Kyela, yakashuka kwa mzunguko kuelekea mashamba ya mpunga. Muda mrefu baadaye mawe ya chini yalijibu.

Hakuna aliyekimbia. Labda kwa sababu hakuna aliyejua pa kukimbilia. Aliyesema wa kwanza alikuwa Shangazi Tumwitike, na alisema kama anayeuliza bei ya samaki.

"Mwalimu, huo ugonjwa ulitoka wapi?"

"Darajani, mama," alisema Mwalimu Anyosisye. "Ulikuwa wa shule. Tumekuwa tukiuhamishia darajani."

"Hilo tulilopita?"

"Hilo."

"Na Mkuu alijua?"

Mkuu alilitazama shada kifuani mwake, lililokuwa linameremeta bila aibu yoyote. "Nilijua," akasema.

Akina mama hawakupiga kelele. Mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Shangazi aliuliza kama daraja sasa ni salama. Mkuu akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama dirishani, na Gwantwa akasema kwenye kipaza sauti kwamba ni safi kuliko sahani za bwalo, jambo ambalo wanafunzi waliona halisemi mengi.

"Vizuri," alisema Shangazi. "Basi Mkuu atatutangulia."

Gwantwa alibandua filimbi ukutani na kushuka nayo. Umati ulimpisha. Alipomfikia Mkuu kwenye mdomo wa daraja aliona kwamba mtu huyo mkubwa ameificha mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi.

"Nitakwenda na wewe, Mkuu. Ni mimi niliyeipeleka miteguko jukwaani. Ilianza kupanda wewe ukiwa bado unaongea."

"Ulijua nipo juu?"

"Nilijua."

"Ingeweza kufika kabla sijashuka?"

"Sikujua, Mkuu. Nilipima nikashindwa. Nikabonyeza hivyo hivyo."

Mkuu alimtazama. Hakuwa na uso wa hasira, wala wa shukrani. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta ukurasa na haupati.

"Tutazungumza ng'ambo," akasema.

Wakaweka mguu darajani pamoja. Gwantwa alibandika filimbi kwenye ukingo na kuiburuza kadiri walivyokwenda, kisikilizio kikiwa sikio moja. Kimya. Hatua nyingine, kimya. Chini yao ukungu ulikuwa unatoka bondeni. Nyuma yao akina mama walisimama wakitazama, na hakuna aliyewafuata bado. Walipofika katikati, pakasikika waziwazi: gru.

Mkuu aliganda na mguu hewani.

"Nini hiyo?"

"Tumbo langu, Mkuu," alisema Gwantwa. "Nilikataa andazi."

Mkuu aliushusha mguu taratibu sana, akaendelea kutembea. Gwantwa naye akaendelea, akikibana kisikilizio sikioni kwa vidole viwili, kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika.